Mpangaji Anayeondoka na Nyumba

Hotuba kwa wenye nyumba na wenye biashara wa Bagamoyo

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Kina mama, ndugu zangu wenye maduka, na ninyi wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za mchana. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kunialika tuzungumze juu ya kukodisha nyumba na maduka kwa watu wa filamu, na asanteni kwa dafu mlilonipokea nalo, maana njia ilikuwa na jua.

Kabla sijasimama hapa, mzee mmoja aliyekaa karibu yangu aliniinamia akaniuliza: "Mwanangu, nyumba yangu imebomoka upande mmoja, ukuta umeota majani, kilichobaki kizima ni mlango. Watu wa filamu wataitakia nini?" Nimemwomba anivumilie. Jibu lake ninalo, lakini nataka aanze kwa kusikia yaliyonifika mimi, ili siku wakimbishia hodi asiwafungulie kama nilivyofungua mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumba yangu iko Kimara, Dar es Salaam. Tuliianza mwaka 1998, mimi na marehemu mume wangu, kwa mishahara ya walimu wawili, na tulihamia 2009 ikiwa bado haina dari. Waliojenga wanajua miaka hiyo kumi na moja ilikuwaje. Kila tofali pale ninalijua.

Kijana wa kwanza wa filamu alinijia mchana, amevaa vizuri, ana adabu. "Shikamoo mama. Tumeipenda nyumba yako, tunaomba kushuti hapa siku mbili." Nilifurahi. Watoto wameshaoa na kuolewa, vyumba vitatu vimekaa vitupu, na fedha ya pensheni mnaijua. Tukakubaliana kwa mdomo: siku mbili, laki moja na nusu kwa siku, sebule na uwanja wa mbele. Karatasi niliona haya kuidai. Kijana alikuwa amesoma na mtoto wa dada yangu, ananiita mama, nitamwambiaje aweke sahihi kama simwamini?

Siku mbili zikawa tano.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimeweka Luku ya shilingi 20,000, nikapata uniti 56. Mimi na friji langu na feni moja, umeme huo unanichukua siku kumi. Walipofika walichomeka taa nne kubwa, zile za zamani zenye mwanga wa manjano na joto la tanuri, kila moja kilowati mbili. Zidisheni na mimi: taa nne mara kilowati mbili ni nane, mara saa saba za kazi ni hamsini na sita. Waliwasha saa moja asubuhi. Saa nane mchana nyumba ikazima. Na hapo tulikuwa na bahati, kwa sababu soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13, na taa moja ya namna ile inavuta karibu 9. Wao walichomeka mbili kwenye ekstensheni moja. Niliikuta imelainika kama mshumaa.

Siku ya pili mtu wa sauti akaomba friji lizimwe, maana mngurumo wake unaingia kwenye kinasa sauti. Ana haki, ndiyo kazi yake. Lakini wa kulizima alikuwepo, wa kuliwasha tena hakuwepo, na kilo nne za nguru zikaharibika kwenye joto la Januari. Miaka miwili baadaye alikuja kwangu mtu wa sauti mwingine, akanionyesha dawa yake: akizima friji la watu, anaweka funguo za gari lake ndani ya friji hilo hilo. Hawezi kurudi kwake bila kulifungua. Tangu siku hiyo kila anayekuja kushuti kwangu namwelekeza hivyo.

Siku ya tatu ndiyo inayoniuma.

Walikuwa na tukio la msiba. Mimi nilikwenda Kariakoo asubuhi, sikuambiwa. Wakafunga turubai uwanjani, wakapanga viti vya plastiki, wakatandika mikeka, wakashusha jeneza, na wakaleta kina mama wa kuigiza kilio. Sasa, mtaani kwetu turubai likifungwa na kina mama wakianza kulia, jirani haulizi ni nani. Anajifunga khanga anakuja. Nilikuwa kwenye daladala, simu ikaanza kuita, namba moja baada ya nyingine. Dada yangu wa Mbagala alikuwa analia kiasi kwamba sikusikia anachosema. Alipotambua kuwa ni sauti yangu akakaa kimya, halafu akalia zaidi.

Niliposhuka nilikuta majirani zangu wamekaa mkekani bega kwa bega na wale waigizaji, wanalia machozi yao wenyewe. Mmoja alikuwa ameshaleta sufuria ya maharage. Mwingine alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kukusanya rambirambi, shilingi 63,000, majina yote yako kwenye daftari la mtoto wake wa shule. Ilinichukua jioni mbili kurudisha fedha ile, mlango kwa mlango, kila mahali nikieleza upya. Wengi walinielewa. Kuna mama mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, mpaka leo tukisalimiana nahisi kuna kitu kimebaki katikati yetu. Aliniambia: "Mwalimu, mimi nilikulilia wewe." Sikuwa na la kumjibu.

Na siku ya nne walipaka rangi stoo.

Stoo haikuwamo katika makubaliano yetu. Ni chumba kidogo nyuma ya jiko, hatukuwahi kukipiga rangi. Wakati wa ujenzi mume wangu alikuwa anaandika hesabu zake pale ukutani kwa penseli ya fundi seremala, kwa sababu daftari lilikuwa linapotea na ukuta haupotei. "Saruji mifuko 40. Nondo 12. Kokoto lori 1. Fundi bado 15,000." Mwandiko wake wa ualimu, umenyooka kama wa ubaoni. Alipofariki, kila nilipokwenda kuchukua mchele nilikuwa nausoma ule ukuta. Vijana wakaona chumba kidogo, dirisha moja la juu, wakasema hapa panafaa kuwa mahabusu. Wakapaka kijivu juu, nyeusi chini, rangi ya mafuta.

Walipojua, waliumia kwelikweli. Usiku nilimkuta yule kijana aliyenijia mara ya kwanza amepiga magoti stoo, tochi ya simu mdomoni, anakwangua kwa wembe. Lakini rangi ya mafuta ikibanduka inabandua na penseli. Kilichopatikana ni ile arobaini, na kipande cha neno ambalo sijui lilikuwa neno gani.

Ndugu zangu, siwachongei vijana wa filamu. Wale hawakuwa wezi wala watu wabaya; walikuwa na fedha kidogo, muda mdogo, na kazi kubwa, na nyumba ya mtu aliyeona haya kuandika. Wasingeigusa stoo kama kungekuwa na karatasi inayosema stoo isiguswe. Wasingefunga turubai kimyakimya kama mimi ningeuliza, "Kesho mnaigiza nini?" Sikuuliza. Nilidhani nimepangisha nyumba kama watu wanavyopangisha nyumba.

Mpangaji wa kawaida akihama anakuachia ufunguo, na nyumba inabaki yako. Wa filamu naye anakuachia ufunguo, ila anaondoka na nyumba. Ameibeba kwenye kamera. Itaonekana Mwanza, itaonekana Mombasa na Bujumbura, itaonekana kwa Waswahili wa Maskati wanaofungua simu usiku wakitafuta lugha yao. Itaonekana ukiwa umeshaipaka rangi nyingine, ukiwa umeshaiuza, ukiwa umeshakufa. Kwa hiyo bei mnayopatana ina sehemu mbili: siku za kukaa, na picha itakayobaki. Sehemu ya kwanza kila mtu anaikumbuka. Ya pili ndiyo iliyonileta Bagamoyo.

Niwape mfano wa mbali. Kuna nyumba katika mji wa Albuquerque, Marekani, nyumba ya familia ya kawaida mtaani, ilitumika kwa nje kuwa nyumba ya mhusika mkuu wa tamthilia ya Breaking Bad, iliyoonyeshwa kati ya 2008 na 2013. Katika kipindi kimoja mhusika huyo anarusha piza kwa hasira, inatua juu ya paa. Basi. Watazamaji wakaanza kusafiri kwenda kurusha piza za kweli juu ya paa la wenyewe. Mwaka 2015 mtunzi wa tamthilia, Vince Gilligan, alilazimika kuwaomba watu hadharani waache. Mwaka 2017 familia ile ikajenga uzio wa chuma kuzunguka nyumba yao. Kushuti kulikuwa kumekwisha miaka minne nyuma. Picha ilikuwa bado inafanya kazi.

Na picha hiyo hiyo inaweza kukufanyia kazi nzuri. Kule Momella, chini ya Mlima Meru, ndiko John Wayne na wenzake walikocheza Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka 1962. Wamarekani wakaiita kwa neno letu hili hili. Mwigizaji mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda mahali pale akanunua shamba akakaa. Leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, pana hoteli inayoitwa Hatari Lodge, na wageni wanatoka Ulaya kuja kulala pale. Hata nyumba ya mwandishi Karen Blixen kule Nairobi ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja tu baada ya filamu ya maisha yake, Out of Africa, kutoka.

Sasa nifike kwenye karatasi, na hapa naomba wenye kalamu waitoe.

Karatasi yangu ina kurasa mbili, kwa Kiswahili. Mtu akikuletea mkataba wa kurasa ishirini kwa Kiingereza, mwambie akusomee kwa Kiswahili mbele ya shahidi, au umpelekee mwanasheria, au umwambie karibu tena siku nyingine. Ukurasa wa kwanza unaanza na vyumba. Naviandika kwa majina: sebule, uwanja wa mbele, chumba cha wageni, choo cha nje. Halafu mstari wangu mkubwa kuliko yote: chumba kisichotajwa hapa hakiingiwi. Chenyewe hukifunga kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwangu. Kabla hawajaja, kaa peke yako ndani ya nyumba, tembea polepole, jiulize ni kitu gani hapa fedha haiwezi kukirudisha. Kitoe, au kifungie. Mimi sikufanya hivyo, na mmesikia.

Kisha siku na saa. Usiandike "siku mbili", andika tarehe, na andika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Saa za kazi za filamu zina tabia ya kuvutika. Mwanga ukikataa au mwigizaji akichelewa kwenye foleni, saa kumi na mbili jioni inageuka saa nne usiku. Weka bei ya kila saa inayozidi, na utashangaa watu wanavyojua kuwahi. Kumbuka pia kwamba kazi haianzi siku ya kamera. Kuna siku ya kuja kupamba na siku ya kuja kuondoa mapambo, na siku hizo nazo hujalala kwako kwa raha. Mimi natoza nusu.

Kuna jambo moja wengi hawalijui mpaka liwakute, nalo ni mwendelezo. Wakishuti sebule yako Jumatatu, halafu wakarudi Ijumaa kumalizia tukio lile lile, kila kitu lazima kiwe kama kilivyokuwa Jumatatu: pazia lile, kochi mahali pale, hata ule mche uliochungulia dirishani. Jirani yangu mmoja alikata maua yake yaliyotambaa ukutani Jumatano, kwa nia njema ya kusafisha uwanja, na timu nzima ikapoteza kazi ya siku mbili. Kwa hiyo katikati ya siku zao usipange kitu, na siku hizo za kungoja zina bei. Waulize mapema: mtarudi? Kwa notisi ya siku ngapi? Kwa bei ipi?

Umeme: waje na jenereta lao, likae mbali kwa ajili ya sauti, au wakununulie uniti kabla hawajachomeka. Na fundi umeme aangalie kwanza. Siku hizi timu nyingi zina taa za LED ambazo hazili umeme kama zile za mwanzo, lakini muulize kila anayekuja, usidhani. Maji, andika nani anajaza tenki. Watu thelathini kwa siku moja wanamaliza tenki la lita elfu moja kabla ya chakula cha jioni. Andika idadi ya watu. Andika choo. Wapi watakula, nani atafagia.

Picha za kabla na baada ni lazima, na upige mbele yao, pamoja na saa na tarehe. Kila ukuta, kila kigae chenye ufa, kila mkwaruzo uliokuwepo tangu zamani, kwa sababu karatasi hii inawalinda na wao. Nimewahi kuona mwenye nyumba akidai kioo ambacho kilipasuka mwaka juzi, na kijana wa watu akalipa. Hilo ni dhuluma, na ndilo linalofanya timu nyingine zikimbilie kujenga ukuta wa mbao kuliko kuja kwetu.

Dhamana ipokee kabla ya siku ya kwanza, kwa muamala unaoacha kumbukumbu, na uirudishe siku ile ile ukiridhika. Siyo wiki ijayo. Fedha ya dhamana si yako, usiinunulie mabati.

Na ukurasa wa pili wote ni wa picha. Nasoma kurasa za skripti zinazotokea nyumbani kwangu. Siyo skripti nzima, hizo zangu tu. Nataka kujua nyumba yangu itakuwa nyumba ya nani. Mimi nimekubali iwe nyumba ya tajiri mkatili, nimekubali iwe mahali pa kuuawa mtu. Ni sanaa, na sanaa bila ubaya haina hadithi. Sikukubali iwe danguro, kwa sababu wajukuu wangu wanasoma shule iliyo mtaa ule ule na lango langu linajulikana. Mwenzangu anaweza kuamua vingine. Ninachosema ni kwamba uamue ukiwa umesoma. Halafu naandika namba ya nyumba isionekane, jina la mtaa lisitajwe, na picha hizi zitumike kwa filamu hii tu. Wakitaka baadaye kuzitumia kwenye tangazo la biashara, warudi tuzungumze. Hilo la mwisho wengi wanalisaini bila kujua: neno "matumizi yoyote, popote, milele". Likikubalika kwako, lilipiwe kama lilivyo kubwa.

Baada ya karatasi, majirani. Andika barua kwa Serikali ya Mtaa, taja tarehe. Kama kuna milio ya bunduki au watu waliovaa sare za polisi, kituo cha polisi kijue kabla, siyo baada. Pita kwa mjumbe. Pita msikitini na kanisani, siyo kuwazuia, hakuna mtu wa kuzuia adhana, ila uwape timu saa za adhana ili wapumzike kwa wakati huo. Na kama kuna tukio la msiba, pita mwenyewe, kwa miguu yako, kila nyumba.

Kwa wenye biashara nitasema kidogo, ingawa mna hesabu ngumu kuliko sisi. Mwenye saluni, mwenye mgahawa, mwenye duka la nguo, usianze kwa kuuliza "wengine wanatoza ngapi". Fungua daftari lako la mauzo, tazama siku kama hiyo katika wiki nne zilizopita, chukua wastani, ongeza posho ya wafanyakazi utakaowaambia wasije, ongeza mteja atakayekuta pamefungwa akahamia kwa mwenzako. Hapo ndipo bei yako inaanzia, faida bado. Halafu bango lako. Nilimfahamu ndugu mmoja, fundi simu pale Sinza, kibanda chake kilitumika katika tukio la kuuza simu za wizi. Bango lenye jina lake lilionekana vizuri kabisa, na kwa miezi kadhaa wateja walikuwa wanaingia wanacheka, wengine hawaingii. Meta moja ya kitambaa ingetosha kulifunika.

Ya serikali ni mepesi, watu wanayaogopa bure. Kutengeneza filamu Tanzania Bara kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kibali ni jukumu la mwenye filamu, wewe omba nakala uiambatanishe. Kampuni ikikulipa pango, inapaswa kukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Usiione kama imekuibia. Dai cheti chake. Na kama wewe mwenyewe ni mpangaji, nyumba si yako kuikodisha kwa kamera. Mwenye nyumba aandike kwamba amekubali. Nyumba ya urithi ndiyo zaidi. Ninyi hapa Bagamoyo mna nyumba ambazo ndugu kumi na mmoja wana haki ndani yake, mmoja yuko Tanga, mwingine yuko Unguja. Ndugu mmoja aliyebaki na ufunguo asije akasaini peke yake kwa sababu wengine wako mbali. Fedha ya siku tatu imewahi kugombanisha watu kwa miaka.

Sasa mzee wangu. Nimefika kwako.

Uliuliza wataitakia nini nyumba iliyobomoka. Wataitakia hilo hilo. Sebule ya vigae vinavyong'aa na kochi la ngozi kama yangu, Dar es Salaam ziko maelfu. Mwongozaji akikosa Kimara anapata Goba. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliolambwa na chumvi ya bahari miaka zaidi ya mia, na mlango wa nakshi mbele yake, hauwezi kujengwa na seremala kwa wiki mbili. Wakija, watakuja kwa ajili ya ule ubovu unaouonea haya. Usiuzibe ili kuwapendeza. Nimewahi kusikia mwenye nyumba aliyesikia filamu inakuja, akapiga plasta ya saruji usiku na mchana, na timu ilipofika ikageuza gari.

Lakini nyumba yako ni dhaifu kuliko yangu, na karatasi yako inahitaji mistari ambayo yangu haina. Ukuta wako umejengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua; unyevu unaingia na kutoka. Wakiupaka rangi ya mafuta kama walivyopaka stoo yangu, unyevu unakosa njia, unasukuma kutoka ndani, na ukuta unaanza kubanduka kwa mabamba. Andika: hapapakwi kitu isipokuwa chokaa, hapapigwi msumari. Mapambo yasimame kwa miguu yake. Dari yako ya juu, kama ni ya zamani, imelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyenu vyembamba, mkoko haufiki mbali. Boriti zile zimezoea familia na kitanda. Watu ishirini, taa, na kamera juu ya reli wasipande kwa pamoja. Andika watu wangapi juu, na simama mwenyewe penye ngazi uwahesabu. Mlango usitolewe kwenye bawaba zake kwa sababu yoyote ile, hata wakisema dakika kumi, na siku za kushuti alale mtu pale. Na kwa kuwa nyumba hizi za mji wenu mkongwe ni urithi unaolindwa, kabla ya kubadilisha chochote pitieni kwa watu wa Mambo ya Kale.

Ninyi wanafunzi mliosimama nyuma, mmenisikia nikiwapa wazee masharti mengi, na najua mifuko yenu. Mimi mwanafunzi ananilipa kidogo sana, mwingine amenilipa kwa kunitengenezea video ya harusi ya mjukuu. Karatasi ni ile ile. Ombeni nyumba kwa heshima, leteni karatasi ninyi wenyewe kabla hamjaombwa, kwa Kiswahili, na mtaona milango ya mji huu inavyofunguka. Yule kijana aliyekwangua ukuta wangu kwa wembe ndiye alinisaidia kuandika mistari ya kwanza ya karatasi hii. Alirudi baada ya mwezi mmoja, na kalamu. Ameshashuti kwangu mara tatu tangu siku hiyo, na mara zote funguo za stoo nazishika mimi, naye huniuliza mwenyewe kama nimeifunga.

Nakala nimekuja nazo arobaini, ziko kwa katibu, mzigawane. Zina nafasi tupu, jazeni kwa majina ya vyumba vyenu. Mzee wangu, tukimaliza hapa, kama huchoki kutembea, nipeleke nikauone huo mlango.